Kuyatambua Mapenzi ya Mungu: Hotuba ya Mgeni Rasmi katika Mahafali ya Chuo cha Biblia

Sehemu kubwa ya mapenzi ya Mungu kwa Mkristo haikufichwa. Paulo aliwaeleza Wathesalonike bila mafumbo kwamba Mungu anataka watakaswe, na katika barua hiyohiyo akawaagiza washukuru kwa kila jambo. Karne nyingi kabla yake nabii Mika alikwisha kutaja haki, rehema na unyenyekevu. Mhasibu Mkristo anayeombwa aongeze sifuri moja kwenye hati ya malipo hahitaji kufunga siku tatu ili ajue la kufanya. Swali zito, ambalo wahitimu wa leo wanaondoka nalo pamoja na vyeti vyao, liko kwingine: mtu akikabiliwa na mambo mawili ambayo yote ni halali, achague lipi? Aoe au aolewe na nani, ashike kazi gani, akahudumu usharika wa mjini au kijijini alikobaki mama mzee asiye na wa kumtazama?

Katika Kumbukumbu la Torati, Musa aliyatenga mambo ya siri, ambayo ni ya Mungu, na yale yaliyofunuliwa, ambayo watu wamepewa ili wayatende. Mahangaiko mengi ya waumini hutokana na kutaka kuingia katika fungu la kwanza huku la pili likiwa halijaguswa.

Njia inayopendwa na wengi ni ishara. Gideoni na ngozi yake ya kondoo hutajwa kila mara, lakini kisa chenyewe hakiwasaidii sana wanaokitaja: Gideoni alikuwa amekwisha kuambiwa la kufanya kabla hajaitandaza ngozi hiyo uwanjani. Alikuwa na agizo tayari, akapungukiwa imani. Kura nayo ilitumika kumpata Mathiya achukue nafasi ya Yuda. Baada ya Pentekoste, hata hivyo, kitabu cha Matendo hakitaji tena mitume wakipiga kura ili kuamua jambo. Desturi hiyo haikufa moja kwa moja. Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, ambao kanisa lao lilifika Rungwe, kusini mwa Tanzania ya leo, mwaka 1891, katika karne ya 18 walipiga kura hata katika mambo ya ndoa, kabla desturi hiyo haijaanza kulegezwa katika karne iliyofuata.

Siku hizi kura imeachwa, na mahali pake limekuja neno zito zaidi: “Bwana amenionyesha.” Kijana wa kwaya humsubiri binti nje ya kanisa baada ya mazoezi ya Jumamosi, akamwambia kwamba ameonyeshwa katika njozi kuwa yeye ndiye mke wake. Binti anawekwa mahali pagumu, maana akikataa ataonekana amemkataa Mungu. Huo ni uonevu uliovikwa joho, na wachungaji wanaounyamazia wana sehemu yao ya lawama. Njozi ya kweli haina sababu ya kuogopa kupimwa. Mungu akiwa amesema na mmoja kuhusu ndoa ya wawili, hakuna ubaya wa kungoja aseme na wa pili pia.

Njia iliyo imara zaidi hupitia kwenye nia iliyofanywa upya, kama Paulo anavyoeleza katika Warumi 12, na kwenye ushauri wa ndugu. Mtaguso wa Yerusalemu, unaosimuliwa katika Matendo 15, haukufunga suala la kutahiriwa kwa ndoto ya mtu mmoja. Watu walihojiana sana, Petro akatoa ushuhuda, Barnaba na Paulo wakasimulia waliyoyaona, Yakobo akarejea maandiko ya manabii. Ndipo wakathubutu kuandika kwamba uamuzi huo ni wa Roho Mtakatifu na wao pia.

Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, aliyejeruhiwa mguu kwa mzinga huko Pamplona mwaka 1521, aliacha mashauri ambayo hata asiye Mkatoliki anaweza kuyatumia. Kitabu chake cha mazoezi ya kiroho, kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, kinamtaka mwenye kuamua amfikirie mtu asiyemjua kabisa aliyekwama katika jambo lilelile, ajiulize angemshauri nini, kisha aufuate ushauri huo. Pia ajione yuko saa ya kufa, na atazame ni uamuzi gani angependa awe ameufanya. Mashauri hayo yanatenganisha haja ya mtu na haki ya jambo, kazi ambayo moyo peke yake huifanya vibaya.

Kuna pia hali na matukio, ile inayoitwa milango kufunguka na kufungwa. Hapa maisha ya Johann Ludwig Krapf yanafundisha kuliko nadharia nyingi. Mjerumani huyu, aliyetumwa na CMS, shirika la kimisionari la Kianglikana, alitamani kuwapelekea Waoromo wa Ethiopia Injili. Tigray alifukuzwa, Shoa alihudumu miaka kadhaa, akatoka mwaka 1842, na alipotaka kurudi akazuiwa. Akaamua kuwafikia kutoka kusini, ndipo akafika Zanzibar Januari 1844 na kuhamia Mombasa. Julai mwaka huohuo mkewe Rosina alifariki, na kitoto chao kichanga pia. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Kwa hesabu ya milango, huo ulikuwa mlango uliofungwa kwa kishindo kikubwa kuliko ule wa Shoa. Krapf hakuondoka. Aliuandikia uongozi wake London kwamba kaburi lile ni alama ya kazi iliyoanza. Kukwama Ethiopia kulimgeuza njia, msiba wa Mombasa ukamzidishia nia ya kukaa, na hakuna kipimo cha nje ambacho kingetofautisha mawili hayo.

Azma yake ya kupanga vituo vya misheni kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi hakuiona ikitimia. Aliyoyafanya njiani, ya kujifunza lugha ili ahubiri, ndiyo yaliyosimama: tafsiri ya Mwanzo aliyoianza mwaka uleule wa msiba, sarufi ya Kiswahili ya 1850, na kamusi iliyotoka 1882, yeye akiwa amekwisha kufa.

Paulo na wenzake walipitia hali ya namna hiyo. Matendo 16 inasema walikatazwa kuhubiri Asia, wakajaribu Bithinia wakazuiwa, wakateremkia Troa, na huko Paulo akaona njozi ya mtu wa Makedonia. Njozi ilikuwa ya mmoja, lakini msimuliaji anasema uamuzi wa kuvuka bahari ulikuwa wao wote, baada ya kuyaweka mambo pamoja. Na katazo la Asia lilihusu wakati ule tu. Katika safari ya baadaye Paulo alikaa Efeso, mji mkubwa wa jimbo hilohilo la Asia, kwa zaidi ya miaka miwili.