Maji Hayatoshi: Chakula, Chumvi na Maisha ya Mwenye Stoma



Mada yangu ni choo. Niliombwa niipe jina la staha zaidi, nikakataa, kwa sababu staha hiyo ndiyo inayowafanya wagonjwa watoke wodini bila kuelezwa wale nini na wanywe nini.

Stoma ni tundu ambalo daktari wa upasuaji hulifungua kwenye ukuta wa tumbo na kuutokeza utumbo hapo, ili kinyesi kiingie katika mfuko uliobandikwa kwenye ngozi. Katika hospitali zetu sababu zake ni nyingi: utumbo uliojisokota, homa ya matumbo iliyotoboa utumbo, saratani, ajali ya barabarani, mtoto aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa. Wapo wanaokaa nayo miezi michache kisha utumbo ukarudishwa ndani, na wapo watakaozeeka nayo. Siku ya kuruhusiwa wote huambiwa maneno yale yale: kula vizuri, kunywa maji mengi. Ushauri huo humfaa mmoja na huweza kumdhuru mwenziwe. Kabla ya kutaja chakula chochote, tuulize kwanza: ni utumbo upi uliotokezwa nje?

Mwenye kolostomi, yaani stoma ya utumbo mpana, bado ana sehemu ya utumbo huo, na kazi kubwa ya utumbo mpana ni kufyonza maji na chumvi. Kwa mtu mwenye afya, takriban lita moja na nusu ya majimaji huingia humo kila siku kutoka utumbo mwembamba, na kinachotoka mwishoni hakijazi kikombe. Kwa hiyo kolostomi ya upande wa kushoto hutoa choo chenye umbo, pengine mara moja kwa siku, pengine siku ikapita bila kitu. Tatizo lake la kawaida ni kufunga choo. Huyu ndiye wa kuambiwa anywe maji, ale mboga na matunda, abadili sembe kwa dona, atembee, na amkumbushe daktari kwamba dawa za maumivu kama kodeini na tramadoli hufunga choo. Kwake ushauri wa wodini unatosha.

Mwenye ileostomi, yaani stoma ya utumbo mwembamba, ni habari nyingine. Utumbo wake mpana umeondolewa au umepumzishwa, na kile kitokacho ni uji mwepesi usiosubiri ruhusa ya mtu, usiku na mchana. Wiki za kwanza huwa mwingi. Baadaye utumbo mwembamba hujifunza kidogo kazi ya mwenzake, na kiasi hutulia kati ya mililita 500 na 800 kwa siku. Kikivuka 1,500 siku baada ya siku, mtu huyo yuko hatarini hata kama anakula vizuri na anacheka na wageni. Lita moja ya majimaji hayo hubeba chumvi inayokaribia gramu 6.

Sasa mpe maji matupu. Ukuta wa utumbo mwembamba, hasa sehemu ya juu, hupitisha maji na chumvi pande zote mbili. Yakifika maji yasiyo na chumvi, au chai, sodiamu hutoka mwilini kuingia utumboni, na maji huifuata. Kwa mtu ambaye mfuko wake tayari unatoa mno, au aliyebakiwa na utumbo mfupi, kila glasi humpotezea zaidi ya inavyompa. Kiu haikatiki. Misuli ya miguu inabana usiku, akisimama anaona kizunguzungu, mkojo unakuwa haba na wa rangi nzito. Na jamaa zake, kwa mapenzi kabisa, wanamsihi aongeze maji.

Dawa ya jambo hili tunaijua kutokana na kipindupindu. Mwaka 1960, mjini Prague, mwanasayansi Robert Crane alieleza kwamba glukosi na sodiamu huingia pamoja kwenye chembe za utumbo, kimoja kikikivuta kingine, na maji hufuata. Elimu hiyo ndiyo msingi wa ORS, ule mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kunywa unaotolewa katika zahanati zetu. Fomula ya Shirika la Afya Duniani ya tangu 2002 ina milimoli 75 za sodiamu kwa lita. Kwa ileostomi inayotoa mno hupendelewa zipatazo 90. Upo mchanganyiko uliopewa jina la hospitali ya St Mark's ya London: glukosi gramu 20, chumvi gramu 3.5 na sodiamu bikaboneti gramu 2.5 katika lita moja ya maji safi. Upimwe kwa mizani ya mfamasia, si kwa kijiko cha kukadiria. Ladha yake haipendezi, sitawadanganya, lakini ukipozwa na kunywewa kidogo kidogo kutwa nzima huvumilika. Sambamba na hilo, maji matupu, chai na juisi hupunguzwa, mara nyingi visizidi lita moja kwa jumla. Haya hufanywa kwa maelekezo ya daktari, na zaidi kwa mwenye ugonjwa wa moyo, figo au shinikizo la damu. Daktari huyo huyo anaweza kuongeza loperamidi, inayomezwa nusu saa kabla ya mlo.

Watu wa pwani huniuliza kuhusu madafu. Dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo halishiki nafasi ya ORS. Soda na juisi ya miwa ni mbaya zaidi, maana sukari nyingi huvuta maji kuingia utumboni.

Kwenye chakula cha mwenye ileostomi, nina ugomvi na vipeperushi vinavyomkataza Mswahili vyakula ambavyo hajawahi kuviona. Tuseme vya kwetu. Wali, ugali wa sembe, viazi, ndizi mbivu na mkate mweupe huufanya uji uwe mzito. Vinavyoziba ni vyenye nyuzi ngumu na maganda: makande, mahindi ya kuchoma, bisi, korosho zisizotafunwa vizuri, nyuzi za nanasi na embe, kisamvu kisichotwangwa laini. Tui la nazi halina neno. Ni machicha yanayoleta taabu. Katika wiki sita hadi nane za kwanza, utumbo ukiwa bado umevimba, vyakula hivi vinavyoziba viepukwe. Baada ya hapo arudishiwe kimoja kimoja, kidogo, atafune sana, aone siku mbili tatu. Wengi hurudi kula karibu kila kitu.

Kuziba kuna dalili yake: mfuko ukikaa mtupu saa kadhaa huku tumbo likisokota, stoma ikivimba, mgonjwa akitapika, ni hospitali moja kwa moja, bila dawa ya kulainisha choo. Mara nyingine hutangulia maji matupu yanayochuruzika na kunuka kwa sababu njia imeziba nusu, na mtu akadhani anaharisha.

Lakini chakula kinachonisumbua kuliko vyote ni kile kisicholiwa. Wapo wanaoshinda na njaa kabla ya safari ya daladala, ibada au harusi, ili mfuko usijae. Utumbo hauachi kumwaga maji yake kwa sababu mwenyewe amefunga. Hutoa gesi na majimaji mepesi zaidi. Afadhali milo midogo kwa saa zilezile, mkubwa uwe wa mchana, wa usiku uwe mdogo na wa mapema, na mfuko umwagwe ukifika theluthi. Kwa saumu ya Ramadhani, mwenye kolostomi iliyotulia mara nyingi hufunga bila shida. Mwenye ileostomi amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, na sheria ya dini imeshamwekea mgonjwa nafuu.

Limebaki suala la vidonge. Vile vilivyotengenezwa viyeyuke polepole au vyenye utando maalumu huweza kupita upesi na kutoka vizima, dawa ya kisukari au ya shinikizo ikaishia mfukoni. Ukiona kidonge kizima mfukoni, kipeleke kwa mfamasia umwulize kama dawa hiyo ipo ya maji au ya kuyeyuka haraka. Usikiponde mwenyewe: vingine vikipondwa, dozi ya siku nzima huingia mwilini kwa mara moja.