Kumshinda Mwanagenzi katika Wahedi na Sitini

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Lushoto)

Nimeombwa niseme machache kabla ya mashindano ya karata ya mchana huu, na sababu naijua. Miaka hii ya karibuni wakongwe wetu, watu waliokula chumvi nyingi, wamekuwa wakitolewa raundi ya kwanza na vijana waliojifunza mchezo juzi tu. Wakiinuka mezani husema ni bahati ya mgeni. Nusu ya maneno hayo ni kweli.

Tukumbushane hesabu, maana ndiyo kazi yangu huko serikalini. Kanuni hutofautiana mahali na mahali. Sisi hapa huondoa nane, tisa na kumi, zikabaki karata 40. Kila mtu hushika tatu na kuokota kila baada ya kutupa, wala si lazima kufuata kopa kwa kopa. (Kopa, uru, pau, turufu: Wareno walifukuzwa Mombasa mwaka 1698, maneno yao tumebaki nayo.) Ree ni pointi 11, saba 10, mzungu wa nne 4, wa tatu 3, wa pili 2. Jumla ni 120, na mwenye 61 ameshinda. Sasa tazameni: ree na saba, karata nane tu, zina pointi 84. Karata 20, yaani nusu ya bunda, ni garasa. Basi mchezo wote ni kuwania karata nane; nyingine zinasindikiza.

Mwanagenzi hajui hilo. Yeye apendacho ni kula. Akiona garasa mezani naye ana turufu, hupiga, akafurahia lundo lake lisilo na pointi hata moja. Mwacheni ale. Turufu zote ni kumi. Kila anayoipoteza hivyo ihesabuni kimoyomoyo. Karata za kuokota zikiisha mtamkuta hana turufu, ameng'ang'ania ree ambayo akiitupa tu mnaila.

Wakongwe huharibikiwa kwa hila. Mwaka jana mzee mmoja alitupa mzungu wa nne huku akisitasita na kukunja uso, ili mpinzani adhani ni mtego. Kijana wa kidato cha pili hakuuona uso wala kusitasita. Aliona mzungu, akamla. Ndugu zangu, hila ni mazungumzo, na asiyejua lugha humdanganyi kwa lugha hiyo. Mbele ya mwanagenzi chezeni wazi, wala msikeshe mkitafuta maana ya karata anayotupa. Mara nyingi haina. Hila ziwekeni kwa ajili ya fainali, mtakapokutana wenyewe kwa wenyewe.

Kuhusu bahati: katika mchezo mmoja, aliyeokota ree tatu humshinda bingwa. Kwa hiyo nimependekeza kwa kamati raundi ya kwanza iwe ya kushinda michezo miwili kati ya mitatu. Wanafunzi wananung'unika, na wana haki, maana nimewapunguzia silaha. Lakini wamesikia yote niliyosema hapa, hakuna siri. Kijana atakayehesabu turufu mchana huu si mwanagenzi tena, na mzee atakayekaa mbele yake ajihadhari.

Kiingilio ni shilingi 1,000 kwa wanafunzi wa zamani, zote za mfuko wa vitabu. Wanafunzi ni bure, na zawadi ni jogoo. Nasikia wako wanaotaka dau la pembeni. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ipo, na mimi mtumishi wa umma sitaki kuulizwa maswali Jumatatu. Zaidi ya sheria, kumwalika mtoto asiyejua kuhesabu ili umtoe nauli ya kurudi Mlalo ni jambo ambalo sitalikalia meza moja na mtu.

Meza zimepangwa bwaloni, tunaanza saa nane. Bunda la meza ya tatu limepotelewa na saba ya uru. Ndugu Katibu ameahidi kuleta jingine, la sivyo pale watacheza kwa pointi 110 na kugombana mpaka jioni.