Maji Yashukayo Meru



Sisi wa Tengeru twanywa maji yashukayo kutoka misitu ya Mlima Meru, ambayo huenda hata Kikuletwa na Mto Pangani. Upande wa Oldonyo Sambu nchi ni kavu; mti ukikatwa huko, mbuzi hula machipukizi, wala hauinuki upesi.

Nasi tulikata mringaringa ukingoni mwa mfereji, tupate mabenchi ya kanisa, tukang'oa na kisiki kwa kuni. (Mabenchi ni mazuri, twakiri.) Masika yalipofika ukingo ukabomoka, kwa kuwa haukuwa na mizizi ya kuushika, mashamba ya chini yakakosa maji. Wenye mashamba hayo walikuja Jumapili, wakaketi juu ya mabenchi yale yale, wasiseme neno.

Jumamosi twaujenga ukingo; kila mtu aje na jembe na mche mmoja.