Gari Lipunguziwe, Baiskeli Iongezewe: Masharti ya Maegesho kwa Majengo Mapya ya Fleti Katikati ya Mji



Katika kanuni nyingi za ujenzi, sharti la maegesho ni mstari mmoja tu: kila fleti, nafasi moja ya gari. Lakini mstari huo ndio unaoamua shimo lichimbwe kwa kina gani, fleti ziwe ngapi, na mnunuzi alipe kiasi gani, hata kama hajawahi kumiliki gari. Ninapendekeza tuufute kwa magari, kisha tuwe wakali zaidi kwa baiskeli. Najua inasikika kama upendeleo.

Nitautumia mji wa Toronto, Kanada, kama mfano. Mwaka 2009 madiwani wake waliletewa ombi la jengo la ghorofa 42 na fleti 315 katika barabara ya University Avenue, kwenye kiwanja kidogo cha Royal Canadian Military Institute. Mwendelezaji hakutaka kujenga hata nafasi moja ya gari la mkazi. Alitoa nafasi 9 za magari ya kuazimana na 315 za baiskeli, basi. Maofisa mipango wa jiji walipinga; madiwani wakapitisha. Miaka 12 baadaye, Desemba 2021, baraza la jiji liliondoa kiwango cha chini cha maegesho kwa sehemu kubwa ya majengo mapya, likaweka kiwango cha juu. Nafasi za wageni wa majengo ya makazi na za watu wenye ulemavu zilibaki kuwa lazima, na ni sawa kabisa.

Hesabu zenyewe zinatisha. Jiji hilo lilikadiria kwamba kujenga nafasi moja ya gari hugharimu kati ya dola 48,000 na 160,000 za Kanada. Nafasi yenyewe ni mita 5.6 kwa 2.6; ukijumlisha mteremko na njia ya magari kupishana, unakaribia mita za mraba 30, yaani eneo la kutosha fleti ndogo ya mtu mmoja. Haya hayakuanza leo. Oakland, California, ilipoweka sharti la nafasi moja kwa kila fleti mwaka 1961, gharama ya ujenzi kwa fleti ilipanda asilimia 18, na idadi ya fleti kwa ekari ikashuka asilimia 30. Profesa Donald Shoup alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwaeleza wapangaji miji jambo hili, na walichukua muda mrefu kumsikia.

Kwa nini basi baiskeli isiachiwe soko kama gari? Kwa sababu mwenye gari huuliza maegesho kabla hajatoa malipo ya awali, na mwendelezaji anajua hivyo. Nafasi ya gari ikiuzwa kwa mkataba wake, mbali na fleti, anayeihitaji atainunua. Baiskeli haina sauti hiyo. Mahali pake panapofaa ni usawa wa barabara, palepale ambapo mwenye jengo anaona fremu ya duka yenye kodi nzuri.

Ndiyo maana idadi peke yake haitoshi. Katikati ya Toronto kanuni hudai karibu nafasi moja ya baiskeli kwa kila fleti, lakini hudai vipimo pia: urefu mita 1.8, upana sentimita 60. Bila hivyo tunajua kitakachotokea. Vyuma vitafungwa ukutani nyuma ya jenereta, ghorofa ya pili chini ya ardhi, na mkazi atashuka mteremko uleule wa magari akibana breki, huku mlinzi akimpigia kelele asipite huko. Baada ya mwezi baiskeli iko barazani, imefungwa kwa kufuli kwenye nondo za dirisha. Kanuni iseme: mlango wake mwenyewe, bila ngazi, taa, na paa.

Hofu ya majirani ni ya kweli: magari yasiyo na nafasi ndani yatajaa mtaani. Baadhi ya manispaa za London, Camden ikiwa mojawapo, huijibu kwa mkataba: anayehamia jengo lisilo na maegesho hapewi kibali cha kuegesha barabarani. Kwetu, hapo pana kazi. Dar es Salaam, ambako mabasi ya mwendokasi yanapita tangu 2016, tunaweza kuanza na viwanja vilivyo karibu na vituo vyake, lakini ushuru wa maegesho ya barabarani usiposimamiwa, mpango wote utakwama.

Na vipimo vya Toronto visinakiliwe vilivyo. Sentimita 60 hazitoshi guta la magurudumu matatu, na jengo jipya la Kariakoo lenye maduka chini na fleti juu litapokea maguta na bodaboda za mizigo mchana kutwa. Rasimu ya kanuni ivitengee vyombo hivyo mahali pa kushushia mizigo ndani ya kiwanja, kabla ya kutaja gari lolote.