Maandishi yetu tuyachunge wapi? Maneno mbele ya wandugu wa Likasi



Waliniomba niseme tuchague programu gani ya kuchunga maandishi yetu. Najua wengine munangoja jina moja, tuliteremshe ku telefone, kisha kila mtu arudie kwake. Jina nitalitoa. Lakini tuanzie ku maswali ambayo wakubwa wa biro wanatuulizaka kila mara tunapofika na malalamiko ya kartie: Lini? Wapi? Nani aliona?

Tuko na majibu, ila yametawanyika. Huyu ana picha nyingi ku telefone, yule ana sauti za WhatsApp, mwingine ameandika ku kaye kwa biki. Bomba kavu la mwezi wa tatu na bomba kavu la mwezi wa nane, ku picha ni bomba moja. Mkubwa anaangalia, anarudisha telefone, anasema asante. Njo mwisho wa dosye.

Kinachokosa pale, watu wa ordinatere wanakiita metadata. Neno linatisha, kumbe ni etiketi tu: maelezo madogo yanayofungwa ku andiko ili mtu mwingine ajue limetoka wapi. Wenye ndugu ku Manono wanajua magunia ya kasiteriti. Gunia linafungwa etiketi yenye namba. Bila hiyo madini ni yaleyale, uzito ni uleule, lakini njia ya halali ya soko imefungwa. Wanajua pia ujanja: etiketi zikiuzwa pembeni, gunia la shimo lingine linapita. Kwa hiyo etiketi ya andiko ifungwe palepale, saa ileile, si usiku ku nyumba wakati umeshasahau kama umeme ulienda saa tatu ao saa tano.

Kwangu vitu vitano vinatosha: tarehe na saa, kartie na avenue, nani aliona, ulijuaje, kwa macho yako ao kwa kusikia, na jambo lenyewe kwa neno moja. Tarehe muandike mwaka mbele, kisha mwezi, kisha siku, hivi: 2025-03-07. Ukianza jina la fishie namna hiyo, telefone inapanga kwa mfuatano yenyewe, bila programu yoyote.

Hilo neno moja ndilo linatupa shida zaidi. Mmoja anaandika umeme, wa pili courant, wa tatu SNEL, wa nne moto. Siku ya kutafuta unaandika "umeme", unapata robo ya kazi yenu, na unafikiri ndiyo yote. Hakuna programu itakayowapatanisha. Mukae chini, mukubaliane maneno kumi ao kumi na mawili, muyaandike ku karatasi, basi.

Picha nazo: telefone inaweka ndani yake tarehe na, ukiiruhusu, mahali. Ukiituma ku WhatsApp kama picha ya kawaida, maelezo hayo yanaondolewa. Itume kama dokima, yanabaki. Wengi hapa hawakujua, naona vichwa.

Sasa programu. Mimi ninaiuliza mambo matatu. Inafunguka bila intaneti? Inaendelea bila makuta? Nikiiacha kesho, maandishi yatatoka pamoja na etiketi zake?

Evernote, Desemba 2023, ilipunguzia wasiolipa mpaka maandishi 50 na daftari 1. Kulipa kwa kawaida kunaomba karte ya benki. Tuko wangapi nayo humu ndani? Google Keep iko tayari ku telefone nyingi, ni nyepesi, inaandika hata bila mega. Kwa orodha ya soko, sina neno. Lakini kila kitu kinafungwa ku konti moja, na wengi wetu tunabadilisha namba na kusahau neno la siri. Obsidian ni ya bure, na kila andiko ni fishie ya kawaida ndani ya dosye yako. Obsidian ikifa, fishie inafunguka kwingine. Joplin ni ya bure, kodi yake iko wazi watu waichunguze, na inatoa maandishi yote mu fishie za kawaida.

Mukitaka jina, basi: Joplin, kwa wenye telefone nzuri ao ordinatere. Wengine, fishie za maandishi matupu ndani ya dosye moja, na majina yanayoanza na tarehe. Musicheke, hiyo nayo ni programu. Mukumbuke intaneti ya inchi nzima ilikatwa tarehe 31 Desemba 2018, ikarudi Januari 2019 baada ya siku karibu 20. Maandishi yanayoishi mawinguni tu, siku kama zile unayaita hayaitiki.

Jambo la hatari. Joplin ikipewa ruhusa inaandika yenyewe mahali ulipo. Kwa bomba la maji, vizuri. Kwa nyumba ya mama aliyekubali kuzungumza nawe, zimisha. Jina lake usiliandike, weka "Mama A., Kikula", na ufunguo wa herufi hizo ukae ku karatasi, kwa mtu mwingine, si mfukoni mwako. Joplin inaweza kufunga kwa siri kile kinachosafiri kati ya mashini. Ndani ya telefone yenyewe haifungi maandishi kwa siri. Funga telefone.

Kuna aliyeniuliza mlangoni kama hii si kazi ya watu wasio na kazi. Ndiyo, niko na lisansi na sina kazi, saa ninazo. Lakini muangalie: anayetaka kujua namna wazee wetu waliishi ku makambi ya Union Minière, sehemu kubwa ya makaratasi ya kampuni ataikuta Bruxelles, imepangwa, iko na namba. Kaye za babu zetu ziko wapi?

Siku ya posho, saa nane, mulete telefone zenye moto, kebo, na karte ya memwari mwenye kuwa nayo. Asiye na telefone ya kuandika alete kaye yenye mistari. Etiketi tano zitachorwa ku kila ukurasa kwa rula. Tutaanza na orodha ya maneno, na ninajua tutagombana juu ya "umeme" na "moto".