Mabua ya Mpunga na Moto wa Jikoni

Ndugu wakulima wa Chake Chake,

Leo nataka kusema nanyi juu ya mabua ya mpunga. Yakiachwa bondeni yakaoza majini, hutoa gesi iitwayo methani. Kwa muda wa miaka 100, gesi hii hupasha dunia joto mara 28 hivi kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule. Nanyi mnayajua mabonde ya Pemba yaliyokwisha kuingiwa na maji ya bahari.

Methani hiyohiyo ndiyo iwakayo katika jiko la bayogesi. Tangu mwaka 2009 maelfu ya mitambo yake yamejengwa Bara.

Lakini msitie mabua makavu mtamboni. Ni magumu, huelea, hufanya utando juu. Kwanza wapeni ng'ombe, pamoja na majani mabichi. Kisha samadi yao ichanganyeni na maji, ndoo kwa ndoo, mtie kila siku. Ng'ombe wawili wa bandani hutosha mtambo mdogo. Wa kuchungwa, samadi yake hubaki njiani!

Makonyo ya karafuu msitie kabisa: mafuta yake hudhuru vijidudu vifanyavyo gesi. Hayo pelekeni kiwandani Wawi, mkapate fedha.

Viungo vya bomba vipakeni maji ya sabuni mara kwa mara. Yakifanya mapovu, gesi inavuja. Nayo ikivuja ni hatari ya moto, na hewani ni methani ileile tuliyoikimbia bondeni.

Tope litokalo mwagieni migomba.

Mwenye ng'ombe na maji karibu na aje kwa Bwana Shamba kabla ya kuchimba, tuchague mahali. Mbali na miti mikubwa, maana mizizi hupasua ukuta.