Swali Ambalo Hatumuulizi: Ujauzito na Afya ya Uzazi kwa Wanawake Wanaofanya Biashara ya Ngono Mbeya na Iringa



Mwanamke anayefanya biashara ya ngono akifika katika vituo vyetu vya afya hukuta maswali yanamsubiri. Umepima lini? Una wapenzi wangapi? Kondomu unatumia? Fomu inajazwa, anapewa kondomu zake, anaondoka. Swali moja halimo: je, unataka kuzaa, na kama unataka, lini? Hoja ya mada hii ni kwamba kwa kuliacha swali hilo tumemhudumia mwanamke huyu kama njia inayopitisha ugonjwa, tukasahau kwamba ana watoto wa kulea na matumaini ya uzazi kama mwanamke mwingine yeyote.

Mtaniwia radhi kwa urefu wa jina ninalomwita. Majina mafupi ya mtaani, changudoa na kahaba, yamebeba hukumu. Mhudumu akiwa nayo moyoni, mama huyasoma usoni mwa mhudumu huyo kabla hajaketi.

1. Barabara na watu wake

Barabara kuu ya TANZAM inapanda kutoka Dar es Salaam, inapita Ilula, Ipogolo, Mafinga, Makambako, Chimala, Uyole na Mbalizi, hadi Tunduma mpakani na Zambia. Malori hulala njiani. Kandokando kuna mazao: nyanya na vitunguu vya Ilula, mbao na chai ya Mufindi, mpunga wa Mbarali. Penye mavuno pana fedha ya msimu, na fedha ya msimu huvuta vilabu vya ulanzi, baa na gesti. Binti anatoka kijijini kuja kuhudumu baa, mshahara haufiki mwisho wa mwezi, na mteja wa usiku ndiye anayejaza pengo.

Wengi wanafika tayari ni mama, mtoto kaachwa kwa bibi. Utafiti uliofanyika mkoani Iringa na kuchapishwa mwaka 2015, kuhusu umama, biashara ya ngono na VVU, ulionyesha kuwa mahitaji ya watoto yamewasukuma wanawake wengi kuingia katika kazi hii. Mahitaji hayo hayo huwabana wanapopatana na mteja juu ya bei na kondomu. Ada na sare za shule zinaingia pamoja nao katika chumba cha gesti.

2. Uzito wa tatizo

Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-23, maambukizi ya VVU kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4. Iringa ni asilimia 11.1, Mbeya asilimia 9.6. Mwaka 2000, wahudumu wa baa 753 walipopimwa katika maeneo 17 ya Mkoa wa Mbeya wa wakati huo, asilimia 68 walikutwa na VVU, na kaswende na kisonono vilikuwa vimeenea miongoni mwao. Hiyo ilikuwa kabla dawa za ARV hazijaanza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Namba ile haielezi hali ya leo. Inaeleza tulikotoka, na kwa nini macho yetu yote yalielekea kwenye VVU hadi mimba ikasahaulika.

3. Mimba inaingiaje

Kwa mteja wa usiku mmoja, kondomu mara nyingi huvaliwa. Inaachwa sehemu mbili. Ya kwanza ni pale mteja anapoongeza pesa apate "kavu", na kodi ya chumba inadaiwa kesho. Ya pili, ambayo tunaizungumza kidogo mno, ni kwa bwana wa kudumu. Kumdai kondomu bwana huyo ni sawa na kumwambia kuwa naye ni mteja tu. Kwa hiyo mwanamke anayejibu fomu yetu kwa ukweli kabisa kwamba "natumia kondomu" anaweza kushika mimba mwezi huo huo.

Ndiyo maana kondomu peke yake haitoshi, na njia ya uzazi wa mpango peke yake nayo haitoshi. Sindano hulinda kwa miezi 3, vipandikizi kwa miaka 3 hadi 5 kutegemea aina, lakini hakuna hata kimoja kinachozuia VVU wala kaswende. Anahitaji kinga mbili kwa pamoja. Tukumbuke pia kwamba watu hawa wanahama. Msimu wa nyanya ukiisha Ilula, mama amekwenda Tunduma, na tarehe ya sindano inamkuta mahali asikojulikana. Anayehama mara kwa mara anastahili kuelezwa mapema kuhusu njia za muda mrefu, kisha achague mwenyewe. Vidonge vya dharura, vile tunavyoviita P2, afahamishwe kwamba hufanya kazi vizuri zaidi vikimezwa mapema, ndani ya saa 72, na kwamba havichukui nafasi ya njia ya kawaida ya uzazi wa mpango.

Halafu yupo anayetaka mtoto. Huyu tunamsahau kabisa. Kama anaishi na VVU, anahitaji kujua kwamba akimeza dawa ipasavyo, virusi vikafubaa, anaweza kuzaa mtoto asiye na maambukizi. Bila tiba, uwezekano wa mama kumwambukiza mtoto wakati wa mimba, kujifungua na kunyonyesha ni kati ya asilimia 15 na 45. Kwa tiba unaweza kushuka chini ya asilimia 5. Habari hii ni ya kumpa kabla ya mimba, akiwa na nafasi ya kupanga.

4. Mlango wa kliniki

Tumchukue mama mmoja wa mfano. Mimba ina miezi mitatu, anakwenda kliniki. Anaulizwa: "Mwenza wako yuko wapi?" Hana wa kumtaja. Anaambiwa arudi naye, au alete barua ya mtendaji wa mtaa. Kwa mtendaji ataulizwa tena, mbele ya watu. Njia zilizobaki ni mbili: kumlipa kijana wa bodaboda ajifanye mume kwa asubuhi moja, au kutorudi mpaka uchungu umshike.

Nia ya kuwaalika wanaume ilikuwa njema, maana mwenza aliyepimwa humlinda mama na mtoto. Lakini mwaliko umegeuka sharti, na sharti linamwangukia aliye mpweke kuliko wote. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mahudhurio 8 katika ujauzito. Kila hudhurio analolikosa mama huyu ni kipimo cha VVU kilichochelewa na kaswende ambayo haikutibiwa, na kaswende huua mtoto tumboni.

5. Mimba isiyotakiwa

Sheria yetu inaruhusu mimba kutolewa ili kuokoa maisha ya mama tu. Hata hivyo, mwaka 2013 ilikadiriwa kuwa mimba zipatazo 405,000 zilitolewa nchini, nyingi kwa njia za hatari. Mwanamke anayekuja akitokwa damu ni mgonjwa. Huduma baada ya mimba kuharibika ni huduma halali, nayo ni pamoja na kumpa uzazi wa mpango kabla hajatoka wodini. Akihojiwa kama mtuhumiwa, mwenzake atakayepatwa na hali hiyo atafia chumbani.

6. Iringa imeshatufundisha

Mradi wa Shikamana uliwashirikisha wanawake 496 katika jamii mbili za mkoani Iringa. Jamii moja ilipata kituo kinachoongozwa na wanawake wenyewe, waelimishaji rika katika baa, wasindikizaji wa kwenda kliniki, na mafunzo kwa watoa huduma na polisi. Baada ya miezi 18, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 5.0 katika jamii hiyo na asilimia 10.4 katika ile nyingine. Dawa zilikuwepo kote kuwili. Kilichoongezwa ni mshikamano na heshima. Kwa njia hiyo hiyo tunaweza kupeleka huduma za uzazi.

7. Mapendekezo

Kwanza, kila penye upimaji wa VVU kwa wanawake hawa, iwe kliniki ya tiba na matunzo (CTC) au huduma ya mkoba ya usiku, pawe na uzazi wa mpango, kipimo cha mimba na kipimo cha kaswende.

Pili, mwenza aalikwe, asidaiwe. Mama anayekuja peke yake ahudumiwe siku hiyo hiyo, bila barua.

Tatu, waelimishaji rika wafundishwe dalili za hatari za ujauzito, na wamsindikize mwenzao hadi leba.

Nne, uchunguzi wa mlango wa kizazi utolewe katika ziara hiyo hiyo, kwa kuwa mwanamke mwenye VVU ana hatari ya saratani hiyo mara sita zaidi.

Tano, vituo vya barabara hii vipokee mteja wa kituo kingine bila kumrudisha alikotoka, iwe ni sindano, ARV au kliniki ya wajawazito.

Hitimisho

Baadhi ya mapendekezo haya yanasubiri bajeti na waraka. Swali halisubiri. Jumatatu, mama atakapoingia, mpe kiti, funga mlango, umuulize kama anataka kuzaa na lini. Akisema hataki sasa, njia zipo kabatini. Akisema anataka, safari yake ya kliniki inaanza hapo. Akisema tayari ana mimba, mpe kadi, na usimuulize ya nani.